Kuirudishia nguvu Honda TRX350 ya shamba: shajara ya kazi, Njombe

Agosti, mwishoni

Mashine ni Honda TRX350, kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ile ya kubadili gia kwa mguu na kuvuta kwa matairi yote manne. Honda waliiuza kuanzia 2000 hadi 2006. Mwaka uliofuata ikaja 420 ya injekta inayopozwa kwa maji. Yetu ni ya kabureta, silinda moja ya cc 329, inapozwa kwa upepo na oili, na nguvu inafika kwenye magurudumu kwa shafti badala ya mnyororo. Ilifanya kazi kwenye shamba la kondoo Uingereza kabla ya kuletwa huku. Chini ya keria ya nyuma bado kuna madoa ya bluu ya ile rangi wanayowapulizia kondoo kuwatia alama, na sina mpango wa kuyasugua.

Hapa kazi yake ni kupandisha viazi kutoka vinyungu (bustani zenye unyevu) vya bondeni hadi banda la kando ya barabara, kushusha mbolea, na msimu wa kupanda kusomba miche ya parachichi. Shamba liko upande wa Uwemba, mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuna kilima kimoja ndicho kinachotuamulia kila kitu: kinatoka kwenye vinyungu, udongo mwekundu mtupu, na katikati kina kona mbaya ambayo ukiipoteza kasi hapo huondoki tena. Kwadi ikiwa na mzigo inapanda kwa gia ya kwanza tu, tena ikilia. Ukiitia ya pili inakohoa, inatema moshi mweusi na kuzima.

Malalamiko mengine: breki za mbele ni za jina tu, usukani unavuta kulia, klachi inashtuka kila unapoingiza gia, na petroli inakwenda haraka mno kwa injini ya ukubwa huu.

Kaka ameshatoa ushauri kwa simu. "Dogo, weka tairi za inchi 27 na eksozi ya wazi, utaona itakavyoruka." Kaka anaishi Dar, na kwadi anazozijua ni zile za watalii Zanzibar, kwenye mchanga tambarare na mtu mmoja juu. Nimemwambia nitafikiria. Mpango wangu ni tofauti: kabla ya kununua nguvu mpya, irudishiwe kwanza ile iliyoipoteza, na kila shilingi ielekezwe kwenye kupanda kilima kile na kushuka salama. Kasi ya juu haina kazi hapa. Hakuna mahali pa kuikimbizia.

Septemba, wiki ya kwanza: upepo

Nimeanza na kisichogharimu. Tairi za kwadi ya namna hii hujazwa upepo mdogo sana: lebo ya Honda inasema kPa 25, yaani psi 3.6. Pikipiki ya kawaida inakula 28 hadi 36 hivi. Fundi pancha wa hapa senta, kijana mzuri na mwenye bidii, alikuwa akizijaza kama za bodaboda, mpaka zinaita ukizipiga kwa kiganja. Tairi ya hivyo inagusa ardhi kwa mstari mwembamba katikati, kashata (meno ya tairi) za pembeni zinabaki hewani, na kila jiwe linapokelewa na mgongo wa dereva.

Tatizo ni kwamba geji ya kawaida haisomi chini ya psi 5 kwa uhakika. Mshale unacheza pale kwenye sifuri na kila mtu anasoma anachotaka. Nimeagiza geji ya upepo mdogo kutoka Dar, shilingi 35,000 pamoja na nauli ya basi. Ndicho kifaa bora nilichonunua katika kazi hii yote, na nasema hivyo nikijua yaliyofuata.

Jambo la pili kuhusu upepo: tairi mbili za ekseli moja zinatakiwa zilingane kwa mzingo, si kwa geji peke yake. Nimezungusha utepe wa fundi cherehani kwenye tairi za mbele, katikati ya kashata. Ya kulia ilikuwa fupi kwa karibu sentimita mbili. Nikaongeza upepo kidogo kulia, nikapunguza kushoto, nikapima tena hadi zikalingana, na geji ikakubali kwamba zote ziko karibu na 3.6. Usukani umeacha kuvuta. Nusu ya watu waliowahi kuiendesha hii mashine walisema ni beringi, au fremu imepinda.

Pampu ya baiskeli inatosha kwa kazi hii. Kompresa inajaza haraka kupita uwezo wa mkono kuzuia.

Septemba, katikati: klachi na valvu

Kwadi hii haina mkono wa klachi. Ukikanyaga gia, klachi inajiachia yenyewe, na uachiaji huo unasetiwa kwa skrubu moja yenye nati ya kuifunga. Legeza nati, zungusha skrubu kinyume cha saa mpaka uhisi imegusa, rudisha robo mzunguko kufuata saa, shikilia skrubu isizunguke, kaza nati. Basi. Spana na bisibisi, dakika chache, bila senti. Ule mshtuko wa kuingia gia ya kwanza umeondoka, na juu ya kilima ukibadilisha gia mashine haipotezi mwendo kama zamani, kwa sababu klachi inashika pale pale mguu unapoachia.

Nikiwa hapo nimemwaga oili. Hii injini ni kama pikipiki nyingi: oili moja inalainisha pistoni, gia na klachi. Oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano zinafanya klachi iteleze, na mwenye mashine anadhani sahani zimekwisha. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA (alama ya oili za pikipiki ambazo klachi yake imo ndani ya oili), uzito wa 10W-40. Iliyotoka ilikuwa nyeusi na nyembamba, na ilinuka petroli, jambo ambalo nimeliweka akilini kwa ajili ya kabureta.

Valvu sasa. Injini hii ni ya mtindo wa zamani, kamshafti chini na fimbo zinazosukuma roka (vyuma vinavyofungua valvu) juu, kwa hiyo kuseti ni kazi rahisi: vifuniko viwili vidogo, fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.15 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Zungusha krenki mpaka alama ya T iingie kwenye kitundu, hakikisha roka zote zinacheza kidogo kwa kidole (zikibana, uko kwenye mzunguko mwingine, zungusha tena mara moja), ndipo upime. Yetu ya kutolea moshi ilikuwa imebana kiasi kwamba fila haikuingia kabisa. Valvu ikibana hivyo haifungi sawasawa, kompresheni inavuja, na kingo zake zinaungua taratibu. Ya kuingizia ilikuwa imelegea na ndiyo iliyokuwa ikigonga asubuhi. Fila na oringi mpya za vifuniko: 12,000.

Baada ya hapo inawaka kwa kubonyeza mara moja hata asubuhi zile za ukungu. Kilima bado ni gia ya kwanza, ila hailii tena.

Septemba, mwishoni: kabureta

Hapa ndipo nguvu ilipokuwa imejificha, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu mtu yeyote mwenye mashine ya kabureta kati ya Iringa na Mbeya anahusika, awe na kwadi, pikipiki ya kubeba mzigo au jenereta.

Hewa ya mita 2,000 ni nyepesi; uzito wake ni kama asilimia 80 tu ya hewa ya pwani. Injini isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa) inavuta ujazo uleule lakini oksijeni pungufu, kwa hiyo karibu moja ya tano ya nguvu yake haikupanda mlima. Hiyo hairudi kwa bei nafuu. Kinachorudi ni hasara ya pili, iliyo juu ya hiyo: kabureta iliyosetiwa kwa nchi ya chini haipunguzi petroli kwa kiwango kilekile hewa inavyopungua. Kwa urefu huu inamwaga karibu asilimia 10 zaidi ya inavyohitajika. Petroli ya ziada haiungui vizuri. Inakuwa moshi mweusi, masizi kwenye plagi, na nyingine inateleza kuta za silinda kwenda kuharibu oili. Ndiyo ile harufu.

Nimetoa plagi baada ya kupanda kilima na kuzima papo hapo juu bila kuiacha ikae sailensa (kuunguruma polepole bila kuvuta), maana ukiiacha ingurume kwanza plagi inakusomea sailensa, si mzigo. Ilikuwa nyeusi ya kukauka, masizi yanayofutika kwa kidole. Inayochoma vizuri inakuwa ya hudhurungi kama kahawa ya maziwa. Nyeupe ni hatari, maana yake petroli haitoshi na pistoni inapikwa.

Kabureta yenyewe ni ya aina ya pistoni inayonyanyuliwa na mvuto wa hewa kupitia mpira mwembamba. Aina hii inajirekebisha kidogo ikipanda juu, kuliko zile za kuvutwa na kebo moja kwa moja, lakini kidogo tu. Nimeifungua mezani juu ya sinia jeupe, ili kinachodondoka kionekane. Mambo niliyoyakuta, kwa mpangilio wa kufungua:

Mpira. Nimeunyoosha taratibu kuelekea dirishani. Karibu na ukingo kulikuwa na kitundu cha ukubwa wa ncha ya sindano, na mwanga ulipita. Kitundu kama hicho kinaiba mvuto, pistoni hainyanyuki yote, na dereva anakanyaga gesi bila jibu. Mpya ya Honda ni ghali na inauzwa pamoja na pistoni yake. Fundi mmoja wa Makambako ana debe zima la kabureta zilizokufa. Tukapata mpira wenye kipenyo kilekile na kidevu kilekile cha kuzuia usizunguke. Elfu kumi. Kabla ya kufunga nilifanya jaribio la zamani: nyanyua pistoni kwa kidole, ziba tundu la hewa la juu, achia. Ikishuka polepole mpira ni mzima. Ikidondoka, bado unavuja.

Bakuli. Chini kulikuwa na matone ya maji yakicheza kama zebaki, na vumbi la kutu. Petroli ya kijijini inakaa kwenye chupa na madumu, na maji yanaingia humo kwa njia nyingi ambazo sitazitaja. Bakuli la kabureta lina skrubu ya kumwagia. Kuanzia sasa inafunguliwa kila Jumapili, kikombe kidogo tu, mpaka itoke safi. Pia nimeweka filta ya petroli ya pikipiki kwenye mpira wa kutoka tangini.

Jeti, yaani skrubu zenye tundu linalopitisha petroli. Namba zimechongwa kwenye kichwa, zinasomeka kwa tochi na miwani. Nimetuma jeti kuu yenyewe Kariakoo kama sampuli, kwa sababu jeti zinatofautiana nyuzi na urefu, na ukimwelezea muuzaji kwa maneno utaletewa inayofanana. Nimeagiza mbili: moja ya hatua moja chini, nyingine chini zaidi, jumla kama asilimia 5 pungufu kwa namba. Unaweza kudhani asilimia 5 ni kidogo kwa tatizo la asilimia 10, lakini kinachopitisha petroli ni eneo la tundu, na eneo linakwenda kwa mraba wa kipenyo. Jeti, oringi ya bakuli na nauli ya basi, 30,000.

Hiyo ndogo zaidi ndiyo iliyokaa. Plagi sasa ni hudhurungi, moshi mweusi hakuna, na kwa mara ya kwanza tangu tuinunue kwadi imepita ile kona ya katikati kwa gia ya pili ikiwa na gunia nyuma. Fundi wangu alikuwa amesimama pale juu. Alisikiliza tu mlio, akasema, "Kaka, hii sasa inapumua."

Jeti ya zamani nimeifunga kwenye kimfuko na kukibandika ndani ya sanduku la vifaa, na karatasi: *irudishwe kabla ya kushuka pwani*. Mashine iliyopunguziwa petroli kwa ajili ya Njombe, ukiipeleka Dar ikafanya kazi nzito, itakosa petroli, itapata joto na pistoni itatoboka.

Chujio la hewa ni sponji, na lilikuwa kavu. Sponji kavu halichuji, linapitisha vumbi. Lioshe kwa mafuta ya taa halafu kwa sabuni, lianike kivulini, ulipake oili ya chujio au ile nzito ya gia, SAE 80 au 90, ulikamue kwa viganja hadi rangi ilingane kote. Usilioshe kwa petroli, linameguka, na moto hauko mbali. Kuna ushauri unaozunguka wa kutoa kifuniko cha boksi la chujio ili injini "ivute hewa nyingi". Kwa vumbi la huku mwezi wa tisa, huo ni ushauri wa kununua ringi na pistoni.

Oktoba, mwanzoni: breki

Kaka ameuliza kwa nini naita breki "kuongeza uwezo". Kwa sababu gunia linalopanda kuna siku linashuka: mbolea, mbegu, mashine ya kupulizia dawa iliyojaa maji. Mwendo wa kushuka kilima unategemea unachoamini kwenye mkono wako wa kulia.

Mbele hizi zina dramu zinazosukumwa na mafuta ya breki, si diski. Ugonjwa wao unajulikana kote zinakotumika: maji na tope vinaingia, havitoki. Nati ya ekseli ilihitaji bomba refu juu ya mpini wa spana. Dramu ilipoachia kwa kugongwa na nyundo ya mbao, ilimwaga uji wa rangi ya kutu kwenye kiatu changu. Ndani, brekishuu moja ilikuwa chuma peke yake. Gamba la kusugulia lilikuwa limebanduka zima na kulala chini ya dramu, halijaisha hata nusu. Kutu iliota chini ya gundi ikalinyanyua. Upande wa pili silinda ndogo ya kusukuma ilikuwa imegoma, kwa hiyo mkono uliposhikwa, gurudumu moja ndilo lililojaribu kufanya kazi ya mawili.

Brekishuu za asili hazipo karibu na bei yake inatisha. Makambako kuna wanaobandika magamba mapya kwenye brekishuu za malori na pikipiki, na wamezibandika hizi zote nne kwa 40,000. Nimewaomba wazikate mfereji mmoja wa mshazari kila moja, maji yapate pa kutokea. Silinda zimesuguliwa kwa msasa laini wa maji, zikawekwa raba mpya.

Lakini siri ya breki hizi ni ile sili kubwa ya mpira inayozunguka bamba la nyuma ya dramu. Ikiwa ngumu au imekatika, unaweza kubadilisha brekishuu kila msimu. Mpya mbili ni 50,000. Kabla ya kufunga, ukingo wa sili unapakwa grisi, na ukingo wa dramu unaokutana nayo unasuguliwa kutu yote mpaka ung'ae, vinginevyo kutu inaila sili mpya ndani ya wiki chache. Mafuta mapya ya DOT 4, hewa ikatolewa kwa bomba la plastiki na chupa, gurudumu la mbali kwanza.

Nyuma ni dramu ya kebo. Imekazwa tu.

Tulipozijaribu, mbele ilishika sawasawa pande zote. Nimepita kwenye kijito cha bondeni makusudi kisha nikashika breki juu ya ukingo. Zilishika.

Bushi za mikono ya mbele zilikuwa zimelika, matundu yake yamekuwa na umbo la yai. Mkereza vyuma mjini amezitengeneza kwa nailoni ngumu kutoka kwenye sampuli, 60,000 seti, akaacha tundu la grisi nililomwomba. Usukani umekuwa mwepesi na hauchezi tena.

Hadi hapa, pamoja na oili, sijafika laki tatu.

Oktoba, katikati: tairi

Zilizokuwepo nyuma zilikuwa kipara. Ukubwa wa kiwandani ni 24x8-12 mbele na 24x10-11 nyuma (kimo, upana na rimu, kwa inchi). Suala la inchi 27 limerudi tena kwenye simu, kwa hiyo nimemfanyia kaka hesabu. Tairi ya 27 badala ya 24 ni kama kuongeza gia zote kwa asilimia 12 na nusu. Injini ambayo tayari imeacha moja ya tano ya nguvu yake chini inaambiwa izungushe gurudumu zito zaidi, kwa gia ndefu zaidi, juu ya kilima kilekile. Hata 25 ni nyongeza ya asilimia 4. Na nafasi kati ya mashine na ardhi inaongezeka kwa nusu tu ya tofauti hiyo, kwa sababu ekseli iko katikati ya gurudumu. Na kwadi hii mbele na nyuma zimefungamanishwa na shafti. Ukibadilisha kimo cha nyuma peke yake, gia za mbele na za nyuma zinavutana muda wote kwenye ardhi ngumu mpaka kimoja kikubali kuvunjika.

Nimebaki na 24, ila zenye kashata ndefu zilizoachana, ili tope la udongo mwekundu lichomoke tairi inapozunguka. Jozi ya nyuma, mtumba ulio na uhai, laki nne na ushee kutoka Dar. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote ukiacha tela. Za mbele zinaendelea.

Eksozi ya wazi sijaweka. Nilichofanya ni kufungua kichujio cha cheche kwenye mkia wa eksozi ya zamani na kusugua masizi yaliyokuwa yamekiziba. Kelele haipandishi gunia, na ng'ombe wa jirani wana mimba.

Oktoba, mwishoni: tela

Keria ya mbele inabeba kilo 30, ya nyuma 60. Ndivyo Honda walivyoandika, na ukikaa juu yake unaelewa sababu: mzigo uko juu, mashine ni fupi, na kwenye mwinuko kitovu cha uzito kinahamia nyuma ya ekseli. Sasa fikiria gunia la viazi la huku, lumbesa, lenye kilemba cha nyavu juu ya mdomo. Mwenye gunia anaapa ni kilo mia. Likiwekwa kwenye keria ya nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unabaki mapambo. Kabla sijaja kusimamia, hivyo ndivyo lilivyokuwa likipandishwa, na mtu mmoja juu yake.

Jibu la bei nafuu ni tela. Uwezo wa kuvuta ni kilo 385, tela ikiwemo. Mchomeleaji wa senta ametengeneza kwa bomba za mraba na magurudumu mapana ya kwadi ya zamani, 650,000, na tumeipima kwenye mizani ya mazao: kilo 92 tupu. Inabaki karibu 290. Gunia mbili za kweli, au lumbesa mbili kwa wasiwasi, na kilima kinapolowa, moja.

Mambo matatu nilimsimamia mchomeleaji. Ekseli iwe nyuma kidogo ya katikati, ili takribani sehemu ya kumi ya uzito ikalie kishikio. Tela yenye uzito nyuma inanyanyua mkia wa kwadi wakati wa kushuka. Mkono wa tela ufungwe kwenye kishikio cha chini cha fremu, kamwe si kwenye keria, kwa sababu kuvuta kutoka juu kunaibinua kwadi kwa nyuma. Na kimo cha sakafu ya tela kisizidi goti. Hilo la mwisho alilipinga ("bosi, itagusa matuta"), tukaenda kuangalia matuta, akakubali.

Tela haina breki. Kwa hiyo kushuka ni gia ya kwanza kuanzia juu kabisa, mguu usiguse gia njiani. Hapa ule uzuri wa gia za kukanyaga unaonekana: injini inazuia mashine moja kwa moja.

Amri mpya ya shamba: hakuna abiria. Kiti ni cha mtu mmoja. Imeleta manung'uniko, hasa kwa wanaopenda kurudi kutoka vinyunguni wakiwa wamekaa juu ya viazi.

Novemba, mvua za kwanza

Imenyesha mfululizo na kilima kimekuwa sabuni. Kwadi inapanda na tela yenye gunia moja kwa gia ya kwanza, bila kuteleza ikiwa upepo ni 3.6, tukajaribu 3 kamili ikashika zaidi, lakini tairi ya nyuma ikaanza kuhama kwenye rimu pale konani, kwa hiyo 3.6 inabaki. Bila tela, na mzigo wa halali kwenye keria, ni gia ya pili kutoka chini hadi juu. Petroli inayotumika kwa wiki imepungua waziwazi. Dumu linalokwenda kujazwa mjini siku ya gulio sasa linakwenda likiwa bado na kitu ndani.

Breki za mbele zimefunguliwa kuangaliwa: kavu, vumbi tu.

Kipya ni oili ya difu (boksi la gia kwenye ekseli) ya mbele. Imetoka rangi ya maziwa. Maji hayakupitia kwenye sili za ekseli, hizo ni kavu. Yameingia kwa mrija wa kupumulia. Difu ikiwa ya moto na ikatumbukia ghafla kwenye kijito, hewa ya ndani inajikunja na kufyonza chochote kilicho mdomoni mwa mrija. Mrija wa zamani umepasuka karibu kabisa na chini. Nimenunua mita mbili za mpira wa petroli, nitaupandisha hadi chini ya usukani pamoja na ule wa difu ya nyuma, midomo ikitazama chini, na kuifunga kwa vibano vya plastiki mbali na eksozi. Difu imemwagwa, imesuuzwa kwa oili nyepesi, imejazwa oili ya gia mpya, na itamwagwa tena wiki ijayo kuona kama imebaki safi. Mpira, oili na vibano, 28,000.

Kaka anakuja Krismasi. Ameomba funguo.